Kadi ya Kizimba cha Kumi na Saba

Jumanne nilipewa kalamu na kadi tupu.
"Andika chochote kitakachomtoa," akasema Renaldo.
Hakusema kabla ya lini. Ijumaa ilikuwa ukutani,
imezungushiwa wino mwekundu,
na chini yake namba tatu. Mojawapo kumi na saba.

Nje, upepo wa Lubbock ulibeba vumbi la mashamba ya pamba
ukaligongesha mlangoni kama mtu anayedai deni.
Ndani, Pinto alikuwa akizunguka:
ukuta, mlango, ukuta, bakuli chali,
ukuta, mlango, maji yamemwagika tena.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni, sawa,
lakini nani aliikata sakafu hii
hatua nne kwa mbili?

Nikaandika: *Mchangamfu.* Nikafuta.
Watu wa huku wameshajua maana yake.
*Anapenda michezo.* Nikafuta.
*Anamfaa mwenye uzoefu.* Hiyo ndiyo sentensi
tunayoiandika tukishakata tamaa;
wenye uzoefu wana mbwa tayari.

Faili linasema amerudishwa mara tatu.
Nyumba ya kwanza: siku kumi na moja. Sababu: uzio.
Ya pili: siku nne. Sababu: kuku.
Ya tatu hawakuandika sababu,
walichora mstari tu,
mstari ulionyooka wa watu waliochoka.

Akasimama ghafla, akaegemeza ubavu kwenye nyavu.
Moyo wake ukanipiga vidoleni.
Basi nikaandika:

*Jina langu Pinto. Nimekula sofa.
Si mto wa sofa. Sofa.
Uzio wa futi sita kwangu ni ushauri tu.
Saa kumi alfajiri niko macho, na wewe utakuwa macho.
Sijamng'ata mtu.
Ukirusha mpira nitaurudisha, na tena, na tena,
hadi bega lako liniombe radhi.
Sijui kutulia. Sijawahi kukaa mahali
muda wa kutosha kujifunza.*

Renaldo akasoma, akakuna kisogo.
"Unamwokoa au unamzika?"
Lakini akaitundika.

Jumatano hakuja mtu.
Alhamisi wakaja wawili, vijana, wakacheka,
wakaipiga picha kadi,
wakaondoka na kitoto cha mbwa chenye masikio makubwa.

Saa kumi na moja kasorobo, funguo ziko mkononi mwangu,
akaingia Bi Ludmila Hruska, buti za kiume miguuni,
akasoma kwa midomo, polepole, hadi mwisho.
"Sofa nzima?"
"Zilibaki springi."
"Vizuri," akasema.

Kwake lipo moja, la marehemu Otakar,
miezi kumi na sita halijakaliwa.
Dada yake anasema uza, mwanawe anasema tupa.
Kulinyanyua hawezi. Kulitazama pia hawezi.
Na saa kumi alfajiri? Alitukia macho Renaldo na mimi
kama tumeuliza swali la kitoto.
Miaka thelathini na tisa ya kukamua:
"Ng'ombe niliwauza. Saa haikuuzika."

"Ataruka uzio," Renaldo akaonya, maana ni mkweli.
"Uzio wangu uko nusu maili kutoka mlangoni.
Akifika huko, atakuwa amesahau alichotaka."

Pinto alimburuta hadi kwenye pikapu.
Yeye naye hakuonekana kupinga.

Ijumaa asubuhi nilikiosha kizimba kwa dawa.
Ukutani zilibaki namba mbili.
Nikamwomba Renaldo kadi nyingine,
na mkono ukatetemeka, kwa kuwa si kila mtu ana sofa
analotaka liliwe.

Jumapili simu ikalia.
"Ameanzia upande wa kushoto," akasema Bi Ludmila,
"alipokuwa akiegemea Otakar."
Nikasubiri. Nyuma yake kitu kilichanika,
kirefu, kama turubai,
na kucha zikateleza mbaoni.
"Mwache," akasema, sijui alimwambia nani.
"Mwache amalize."